Mjomba Mtihani Anajibu: Jasho Linamtoka Nani?

Kila mwaka matokeo ya moko, yaani mtihani wa majaribio, yakishabandikwa ubaoni, sanduku la safu hii hufurika. Mtihani wa taifa wa kidato cha sita ni Mei, na muda uliobaki unatosha kuomba msaada kwa kila mtu ila hautoshi kuupokea wote. Ndiyo maana Mjomba ana swali moja analopimia kila msaada unaoletwa mezani, uwe wa bure au wa kulipia: kazi ya kukumbuka na kufikiri inafanywa na nani? Ikifanywa na mwanafunzi, msaada unafaa. Ikifanywa na mwalimu, daftari, rafiki au simu, mwanafunzi amepata burudani tu.

*Mjomba, shikamoo. Nasoma PCB. Prepo ikiisha nabaki darasani hadi saa nane usiku, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji baridi nisisinzie. Daftari la Biolojia nimelirudia mara sita na lote limegeuka njano kwa kalamu ya rangi. Nikisoma naelewa kila kitu. Kwenye moko nimepata E. Je, nimerogwa? — Msuli Mkubwa, Iringa*

Marahaba, mwanangu. Wachawi wa Iringa wana shughuli nyingine. Kilichokupata kilishapimwa, na waliopima ni Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, waliochapisha matokeo yao mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma, moja ya Jua na nyingine ya fisi-maji wa baharini. Kundi moja lilisoma na kurudia kwa vipindi vinne, wastani wa mara 14 hivi. Kundi jingine lilipewa kipindi kimoja tu cha kusoma, kisha likanyang'anywa karatasi na katika vipindi vitatu vilivyobaki likaambiwa liandike yote linayokumbuka. Dakika tano baadaye warudiaji waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Wiki moja baadaye warudiaji walikuwa wamebaki na 40, wenzao 61. Na ugonjwa wako umo hapa: walipoulizwa mapema, ni warudiaji waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka. Ukirudia kitu ambacho kipo mbele ya macho unakitambua, na kumtambua mtu barabarani si sawa na kulijua jina lake. Mtihani unauliza jina.

Utanijibu kwamba Biolojia ya kidato cha sita si habari ya fisi-maji ya ukurasa mmoja, na kwamba huwezi kujipima kitu ambacho bado hujakijua. La pili nalikubali, kusoma kwa mara ya kwanza lazima kuwepo. La kwanza linanipa nguvu mimi, maana mzigo ukiwa mkubwa, kusahau nako kunakuwa kukubwa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885, kwa kujipima mwenyewe, jinsi tunachojifunza kinavyotoroka haraka tusipokirudisha akilini. Kwa hiyo funga daftari, chukua karatasi tupu, chora mzunguko wa Krebs. Utaandika kwamba asetili yenye kaboni mbili inaungana na oksaloasetati yenye kaboni nne, inapatikana sitrati yenye kaboni sita, halafu kalamu itasimama. Pale iliposimama ndipo pa kusoma usiku huo, kurasa nyingine ziache. Rudia mchoro huohuo baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, daftari likiwa limefungwa. Utaudhika, maana utajiona mjinga kuliko ulivyokuwa ukijiona na kalamu ya njano mkononi. Watafiti watano wakiongozwa na John Dunlosky walipitia mbinu kumi za kujisomea mwaka 2013. Kupaka rangi na kurudia kusoma viliwekwa daraja la chini, kujipima na kutawanya masomo kwa siku mbalimbali vikawekwa juu. Na beseni lirudishe bwenini. Usingizi ndio muda ambao ubongo unaimarisha ulichojifunza mchana, na wewe unalipa kwa maji baridi ili uupoteze.

*Mjomba, kijana wangu anachukua PCM. Nimemlipia tuisheni ya Fizikia, Kemia na Hesabu katika vituo vitatu, na sasa kuna mwalimu wa nne anayekuja nyumbani. Alama hazipandi. Nimtafute wa tano? — Mama Risiti, Tabata*

Mama yangu, kabla ya wa tano, kaa pembeni uangalie wa nne anafanya nini. Mara nyingi kipindi cha tuisheni huenda hivi: mwalimu anaandika swali la mpira uliorushwa juu kutoka kwenye paa la ghorofa, anachora mshale, anaandika mlinganyo, anaweka alama ya kutoa mbele ya 9.8, anakokotoa, anapigia mstari jibu. Kijana ananakili vizuri sana. Sasa, ugumu wa swali lile ulikuwa mmoja tu, kuamua upande upi ni chanya na kuushikilia uamuzi huo hadi mwisho, na uamuzi huo ulifanywa na mwalimu kimyakimya wakati kijana anatafuta rula. Kesho swali likigeuzwa, mpira ukarushwa chini badala ya juu, kijana ataandika alama ya kutoa ileile bila kujua upande upi ni chanya, kwa sababu ndivyo daftari linavyosema. Umelipia mazoezi ya mwalimu, na mwalimu ameimarika.

Sisemi tuisheni haina maana. Zipo shule ambazo mwalimu wa Fizikia ni jina kwenye ratiba, na mtoto wa shule hiyo asipopata msaada nje hana pa kuupata. Tena hata mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja ni kitu chenye nguvu sana anapofanya kile ambacho darasa la watu themanini haliwezi, yaani kumsubiri kijana akosee na kumuuliza kwa nini. Basi weka sharti: kijana asiende tuisheni bila swali alilolijaribu mwenyewe likamshinda, na karatasi ionekane ilipokwama. Mwalimu aanzie hapo. Atakayechukia sharti hilo umwondoe, na utashangaa risiti zitakavyopungua.

*Kwako mhariri. Nimesoma majibu yako ya nyuma ya kubeza kukariri. Sisi tulikariri madesa neno kwa neno, tukafaulu, tukaenda chuo kikuu. Acheni kudekeza watoto. — Mjomba wa Zamani, Tanga*

Mjomba mwenzangu, sijabeza kumbukumbu. Mtu asiyekumbuka chochote hawezi kufikiri juu ya chochote, na hakuna mtihani utakaompa alama kwa nia njema. Ila hebu kumbuka mlivyokariri. Mlikuwa mnatembea uwanjani, desa limekunjwa mfukoni, midomo inacheza, mkikwama mnachungulia. Huko ni kujipima, tena mara mia kwa siku! Mlifanya jambo sahihi mkaliita kwa jina la jambo jingine. Tatizo linaanza pale desa linapokuwa la mtu mwingine, limefupishwa na mtu mwingine, na swali linataka utumie hoja badala ya kuitaja. Wale waliofaulu kwa njia yenu tunawasikia kwa sababu ndio wanaoandika barua.

*Mjomba, shikamoo. Nasoma HGE. Mada naielewa kabisa tukijadiliana kwa Kiswahili, hata wenzangu huniita niwafundishe. Nikiandika insha kwa Kiingereza natoka kapa. Nafikiria kutafuta insha zilizoandikwa tayari nizikariri. — Naelewa Sisemi, Songea*

Marahaba, binti. Hii ndiyo barua ngumu kuliko zote za leo, na haikustahili kuwa shida yako peke yako. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari inageuka Kiingereza, na ukifika kidato cha sita unatakiwa ujenge hoja ndefu kwa lugha ambayo wengi mnaikuta darasani tu. Taarifa ambazo Baraza la Mitihani hutoa kuchambua majibu ya watahiniwa hulitaja jambo hili tena na tena: mtahiniwa hakuelewa swali lilitaka nini, au alielewa akashindwa kujieleza.

Lakini insha ya kukariri itakutupa palepale unapoihitaji. Mathalani swali la Historia likutake upime ni kwa kiasi gani kukosekana kwa umoja kulisababisha wapiganaji wa Maji Maji kushindwa. Mwenye insha ya kukariri ataanza na Kinjekitile, dawa ya maji na Ngarambe, atasonga mwaka baada ya mwaka kutoka 1905 hadi 1907, na atamaliza kurasa nne bila kupima kitu, maana insha aliyoikariri ilikuwa ya kusimulia. Msahihishaji hawezi kumpa alama za hoja ambayo haikuletwa.

Wewe unacho tayari kile ambacho wengine wanakitafuta, unajua kufikiri mada hiyo kwa sauti. Usikiache. Jenga hoja kwa Kiswahili na mwenzako, hata kama bango la shule linakataza Kiswahili (mwende chini ya mwembe). Hakikisha unaweza kusema dai lako, ushahidi wake, na jibu kwa anayepinga. Kisha kaa peke yako uandike sentensi sita za Kiingereza, fupi, bila desa na bila kamusi. Mwenzako azisome akueleze kwa Kiswahili alichokielewa. Asichokipata ndicho ulichoshindwa kuandika, nacho utakiandika upya. Ukizoea sentensi sita, aya itakuja, na insha ni aya kadhaa zinazojuana.

Najua utakachouliza: nani atanisahihishia, kama mwalimu ana madarasa matano? Zile taarifa za uchambuzi zipo kwenye tovuti ya Baraza, bure, somo kwa somo, na ndani yake mna picha za majibu halisi ya watahiniwa, mazuri na mabaya, pamoja na maelezo kwa nini moja lilipata alama na jingine likakosa. Andika kwanza jibu lako, ndipo ufunue lao. Inanishangaza kuona mtu akisafiri kutafuta desa la shule maarufu wakati wasahihishaji wenyewe wamekwisha kuandika kilichowaudhi.

*Mjomba, kuna jamaa kwenye grupu anauza mtihani wa Mei, anasema umetoka jikoni. Kama ni feki, je, nitumie akili mnemba inifanyie maswali yote ya miaka iliyopita nisome majibu? — Mpenda Mkato, Mwanza*

Ni feki, na hata ungekuwa wa kweli Baraza lina mamlaka ya kufuta matokeo yako, nayo huyatumia. Tuachane na jamaa huyo. Kuhusu akili mnemba, swali langu ni lilelile. Ikikufanyia, imejiandaa yenyewe, nayo haijasajiliwa. Zaidi ya hapo huweza kukosea hesabu za Kemia kwa sauti ya uhakika kabisa, na asiyejijaribu hana njia ya kuligundua kosa. Igeuze kazi: iambie ikuulize maswali, ikatae kukupa jibu kabla hujaandika lako, kisha ikosoe. Majibu yake ukayalinganishe na kitabu cha kiada, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vyake mtandaoni. Ukiona kazi hiyo inachosha, ujue umeanza.

*Mjomba, wiki tatu zimebaki. Kwenye moko Hesabu nilipata 71, Kemia 52, Fizikia 38. Napenda Hesabu, nataka niipandishe iwe A. Nianzie wapi? — Nimechelewa, Dodoma*

Umechelewa kweli, lakini hujapotea. Tufanye hesabu unayoipenda. Alama yako ya 71 ni B, na A inaanzia 80, kwa hiyo unatafuta alama tisa ili upande gredi moja. Fizikia 38 ni S, ambayo haihesabiwi kuwa prinsipo (ufaulu wa E au zaidi), na E inaanzia 40. Alama mbili tu zinakupandisha gredi moja vilevile, na juu yake zinakupa prinsipo ya tatu. Kuingia chuo kikuu, kiwango cha chini ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi nne, wakati A ni tano na E ni moja. B na D zako zinavuka hapo, ila kozi nyingi za uhandisi zitaidai Fizikia kwa jina. Unakimbilia Hesabu kwa sababu huko unajisikia hodari, na Msuli wa Iringa alipaka rangi kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo Hesabu ipe swali moja kila siku isipate kutu. Kemia nayo igawie jioni zako, ukianza na vitendo, maana kusoma bureti hakujifunzwi kitabuni. Fizikia ipe asubuhi zako. Jumamosi hii toa karatasi ya mwaka wowote uliopita, weka saa mezani, simu abaki nayo dada yako, ufanye kwa muda ulioandikwa juu ya karatasi bila kufungua kitu. Jisahihishe kwa ukali. Kisha orodhesha mada zilizokuangusha, uchague tatu zinazorudi mara kwa mara kwenye karatasi za nyuma, hizo ndizo za wiki nzima. Jumamosi inayofuata karatasi nyingine. Niandikie ulichopata, hata kama ni 31.