Biskuti za Mama Mkwe

Ndugu yangu, ukioa, muulize mwenzio mapema: mama ana sukari? Mimi sikuuliza. Sasa mama mkwe anapanda kutoka Mbamba Bay, kilomita 66 za lami na kona, na mke wangu kaniambia, "Baba watoto, mtafutie mama biskuti asizodhurika nazo."

Madukani hapa Mbinga biskuti zipo za kila rangi, zote sukari tupu. Ikabidi nioke. Mimi, ambaye hata maji ya chai yananiungulia!

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Toa sukari, weka asali. Nyuki ana kiwanda cha sukari? Jirani yetu nesi kachungulia dirishani, kacheka mpaka kashika ukuta. "Asali nayo sukari, kaka." Haya, nikashika unga wa muhogo, wa kulekule ziwani kwao mama. "Huo wanga mtupu, ukifika tumboni unageuka sukari." Ngano nyeupe? "Hivyohivyo." Jamani! Sasa nioke mchanga?

Akanipa dozi: unga wa ulezi usiokobolewa, soya, karanga za kusaga, yai, mdalasini, chumvi kiduchu. Eti nyuzinyuzi, protini na mafuta vinaichelewesha sukari isipande kwa fujo. "Lakini si dawa hiyo, ulezi nao una wanga. Ale moja, mbili, basi." Nikatikisa kichwa kisomi.

Oveni sina. Nikamwaga mchanga kwenye sufuria kubwa, sahani ya bati juu yake, mfuniko, makaa juu na chini. Julai hii baridi ya Mbinga inauma, watoto wote wa mtaa wakaja kuota moto kwenye biskuti zangu. "Baba, unachoma nini?" Unachoma! Mtu anaoka!

Frederick Banting wa Kanada na wenzake waligundua insulini ya kutibu kisukari mwaka 1921, dunia ikampa na siku ya kisukari, Novemba 14, tarehe aliyozaliwa. Biskuti wakaniachia mimi.

Mama akafika. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba." Akachukua moja. Akaigonga mezani. Ikalia kama kokoto. Akaichovya kwenye chai isiyo na sukari, akasubiri, akaichovya tena.

"Baba, sukari nimeizoea. Meno ndiyo bado nayahitaji."

Mkwe hajibiwi. Nikainamia viatu vyangu. Yeye akafungua kikapu, akatoa usipa wakavu. "Hawa hawana wanga wala sukari," akasema, na mke wangu akapiga vigelegele. Kwa dagaa! Mimi niliyevuta moshi siku nzima hata ahsante sikuipata.

Nawe unayecheka, nenda kapime. Nesi anasema ukipimwa asubuhi hujala kitu, mashine ikasoma 7 kwenda juu, na kipimo cha marudio kikasema hivyohivyo, tayari una kisukari. Wahi hospitali kwanza. Kisha pita kwangu, biskuti zimebaki nyingi.