Mashine ya Kikoba na Namba za Kuazima

Kompyuta ya dada yangu, huko Ngamiani, Tanga, imekaa pembeni mwa kabati la vyombo, na watu wanaoitegemea ni wengi kuliko wanaolala nyumba ile. Dada ni katibu wa kikoba cha akina mama wa mtaa. Hisa, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii vyote vimo humo, na kikoba kinapovunjwa mwisho wa mwaka, mgawo wa kila mwanachama hutoka kwenye jedwali lile. Usiku mashine humwachia mwanawe, kijana aliyemaliza kidato cha sita na anayesubiri chuo, ambaye hucheza gemu ya mpira mpaka aambiwe alale. Mama na mwana waliishi nayo hivyo bila ugomvi.

Ugonjwa uliingia kidogo kidogo. Picha ya harusi ya binamu ilifunguka nusu, nusu ya chini ikawa kijivu kitupu. Mashine ikaganda katikati ya kazi, zaidi nyakati za mchana sebule inapokuwa na joto. Kisha dada akaona jambo lililomkosesha usingizi: katika orodha ya wanachama, jina la mama mmoja, aliloliandika kwa mkono wake miaka yote, lilikuwa na herufi c mahali pa a. Hakuna aliyeligusa. Wiki hiyohiyo faili la marejesho likakataa kabisa kufunguka.

Fundi akaitwa. Alikuwa mtu makini, na niseme wazi kwamba alifanya kwa mpangilio kila ambacho fundi mzuri angefanya. Alipuliza vumbi, akachomoa RAM zote mbili, akazifuta miguu na kuzirudisha. Akatoa betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ili mipangilio ya BIOS irudi ya kiwandani, akangoja, akairudisha. Saa ya kompyuta ikapotea, ikasetiwa upya. Siku iliyofuata mashine ikaganda tena. Akaja na flashi yenye Memtest86+, akaiacha ipime RAM usiku kucha mpaka alfajiri. Haikuonyesha kosa hata moja.

"Mama, RAM ni nzima," akasema. "Hapa Windows ndiyo imeoza. Tuipige upya tu."

"Na hesabu za watu?" dada akauliza.

"Kama una nakala, tutazirudisha."

Nakala zilikuwepo, ila zote zilinakiliwa kwa mashine hiyohiyo wakati tayari inaumwa. Dada akamshukuru fundi, akamlipa, akamwambia asiguse kitu kwanza. Akanipigia simu. Nilipofika nikamkuta amefungua daftari lake la kaunta, lile ambalo wanachama hutia sahihi kila Jumamosi, analinganisha mstari kwa mstari na kioo.

Kilichonisumbua ni ule usiku wa Memtest. Programu hiyo huanza kutoka kwenye flashi, Windows ikiwa bado haijaamka. Ikapima saa nyingi bila kosa. Hata ukurasa wa BIOS ukiachwa wazi mchana kutwa, mashine haikutetereka. Lakini ikishaingia kwenye Windows, baada ya muda, hitilafu. Kwa hiyo RAM ilikuwa nzima mpaka kitu fulani kiamke pamoja na Windows. Tukaiwasha katika hali salama, ambayo huacha nje draiva na huduma nyingi zisizo za lazima. Dada akafanya kazi pale tangu asubuhi hadi adhuhuri, joto lote la Tanga likiwa ndani ya sebule, na mashine ikatulia.

Aliposhuka kwenda sokoni, mpwa wangu akaja akasimama nyuma ya kiti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Si tumeshaamkiana asubuhi?"

"Naomba nikwambie kitu kabla mama hajarudi."

Gemu ilikuwa inakwamakwama. Rafiki yake wa shule, mwenye mashine inayofanana na hii, alimpa programu ndogo ya kubadilisha muda wa RAM Windows ikiwa inaendelea, pamoja na karatasi ya namba zinazofanya kazi kwake. Kijana akaziingiza. Mashine haikuzima, haikulalamika. Akaona gemu imekuwa nyepesi kidogo, au alitaka kuona hivyo. Akatia tiki kwenye kisanduku kinachoamuru namba zile ziwekwe kila kompyuta inapowashwa. Mambo yalipoharibika akafuta alama ya programu kwenye skrini, akaamini imeondoka. Alipomwona fundi anatoa betri, akaamini zaidi.

Nilimwambia akae. Sikuwa na hasira naye, na bado sina. Kijana anayetaka kujua kilichomo ndani ya kitu anachokitumia ni neema katika nyumba. Nikamwomba alete ile karatasi.

Betri haikusaidia kwa sababu namba zile hazikuwahi kukaa kwenye BIOS. Kompyuta inapowashwa, ubao mama husoma chipu ndogo iliyo juu ya kila RAM, ambamo mtengenezaji ameandika muda ambao RAM hiyo inauweza, kisha hupanga kidhibiti cha kumbukumbu kufuatana nao. Mpaka hapo kila kitu ni sahihi, na ndipo Memtest ilipopimia. Windows inapoamka, huduma ya ile programu huamka nayo, inafuta namba sahihi ndani ya rejista za kidhibiti na kuweka za kuazima. Kufuta alama ya skrini hakukuigusa huduma hiyo. Ilikuwa bado inatimiza amri aliyoipa, kila asubuhi.

Namba nyingi za kwenye karatasi zilikuwa sawa na zetu. Moja ilitofautiana sana: tRFC. Yake ilikuwa 128, ilhali chipu ya RAM zetu inasema 208.

Hapa nilikaa na mpwa wangu muda mrefu, maana hili ndilo jambo lenyewe. Katika RAM ya kawaida, ya aina ambayo Robert Dennard wa IBM alipewa hataza yake mwaka 1968, kila biti ni chaji kidogo ndani ya kapasita moja, na kapasita hiyo ni mtungi wenye ufa: maji hayakai. Lazima kila mstari wa chipu usomwe na kuandikwa upya kabla chaji haijaisha. Kwa DDR3, mistari yote hupitiwa ndani ya milisekunde 64, na ili hilo liwezekane, amri ya kuhuisha hutolewa kila mikrosekunde 7.8. Baada ya kila amri, chipu hupewa muda wa kumaliza kazi hiyo pasipo kuombwa kitu kingine. Muda huo ndio tRFC. Chipu ya gigabiti 2 hupewa nanosekunde 160. Ya gigabiti 4, ambayo ina mengi zaidi ya kuhuisha, hupewa 260. Kwa RAM ya DDR3-1600, ambayo saa yake hupiga mara milioni 800 kwa sekunde, 160 ni mizunguko 128 na 260 ni mizunguko 208.

Tukazima, tukachomoa RAM moja, tukaigeuza. Ilikuwa ya gigabaiti 4, na chipu zake nane zilikuwa upande mmoja tu. "Ya mwenzako ikoje?" nikamuuliza. Akapiga simu. Rafiki akafungua ya kwake: nayo gigabaiti 4, ila ina chipu pande zote mbili, kumi na sita. Ukubwa uleule kwa jina, lakini yake imejengwa kwa chipu za gigabiti 2 na yetu kwa za gigabiti 4. Namba iliyokuwa halali kabisa kwake, kwetu ilikuwa inaikatisha RAM kazi yake kabla haijamaliza. Na kwa kuwa chaji huvuja haraka zaidi joto likipanda, mchana ndio uliokuwa mbaya.

Mpwa wangu akauliza swali zuri: kwa nini isizime tu palepale? Kwa sababu RAM haijui kwamba imesahau. Inatoa ilichonacho. Herufi a na herufi c katika kompyuta zinatofautiana kwa biti moja tu. Biti hiyo ikigeuka, jina la mtu limebadilika na hakuna kengele iliyolia. Seva za kampuni kubwa hutumia RAM ya ECC, inayobeba biti 72 badala ya 64, na zile 8 za ziada hutosha kugundua na kusahihisha biti moja iliyogeuka. Kompyuta nyingi za nyumbani hazina mlinzi huyo. Fedha za akina mama wale, wauza samaki na washona nguo, zinaandikwa kwenye mashine isiyoweza kujisahihisha, na ndiyo maana naona ni vibaya sana programu ya namna hii kumruhusu mtu atie tiki ya kudumu kabla haijamtaka apime RAM saa kadhaa kwa namba zile mpya. Kuganda ni hisani, maana mtu anajua. Jedwali lenye makosa linalofunguka vizuri ndilo linalotisha.

Dada aliporudi, kijana alimweleza mwenyewe. Yaliyosemwa baina yao niliyaacha yabaki yao. Sisi tukaingia tena katika hali salama, tukaondoa programu kwa njia yake rasmi, tukahakikisha huduma yake haimo tena kwenye orodha ya zinazoamka na Windows, tukazima kabisa na kuwasha upya. tRFC ikasoma 208. Safari hii tukaijaribu RAM ndani ya Windows yenyewe, mahali ugonjwa ulipokuwa, mchana wa jua kali. Haikukosea.

Zikabaki hesabu. Dada na mwanawe walikaa na daftari la kaunta, mmoja anasoma, mwingine anahakiki, sahihi kwa sahihi. Jina lile likarekebishwa. Katika marejesho wakakuta makosa mengine, yote madogo, yote ya kipindi kilekile. Faili lililogoma likaandikwa upya lote kutoka kwenye karatasi, na Jumamosi dada akawaeleza wanachama kilichotokea, pasipo kuficha, akawapa kila mmoja mstari wake auhakiki.

Na ile gemu? Nilipokuwa naitazama RAM mara ya mwisho nikaona muuzaji alizichomeka zote mbili kwenye sloti za chaneli moja. Kompyuta hii haina kadi ya picha. Picha huchorwa na prosesa kwa kutumia RAM hiihii, na chaneli moja ya DDR3-1600 hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Tukahamisha RAM moja kwenye sloti ya chaneli ya pili, njia zikawa mbili, uwezo ukawa 25.6. Mpira ukaenda bila kukwama, bila kugusa namba yoyote. Mpwa wangu sasa anajua kusoma ile chipu ndogo ya RAM, na ameshakwenda kwa rafiki yake kutazama sloti zake nazo zikoje.