Mahameli Ndani ya Daladala

Dar es Salaam haipendi mahameli, na haifichi chuki yake. Februari, saa nane mchana, ndani ya daladala ya Mbagala iliyokwama kwenye foleni, abiria mwenye gauni la mahameli huiva taratibu huku wenzake waliovaa pamba wakimtazama kwa huruma. "Dada, utokako kuna baridi?" konda aliniuliza. Nikamjibu kwamba natoka nyumbani kwangu, Rangi Tatu.

Mimi kitambaa nakipenda kwa vidole kabla ya macho. Dukani nashika kwanza, bei baadaye. Na nikishakipenda sikiwekei ahadi ya harusi ya mtu. Nakivaa siku ya kazi, hata kama siku yenyewe hainitaki.

Lile gauni lilianza visa kwa fundi. Mahameli ina malaika yake: nyuzi fupi zilizosimama juu ya kitambaa na kulalia upande mmoja. Ukipapasa kufuata zilikolala, mkono unateleza. Ukirudisha mkono, nyuzi zinainuka na rangi inageuka. Kwa hiyo vipande vyote hukatwa vikielekea upande mmoja, hata kama kitambaa kitapotea. Fundi wangu hapendi hasara. Akageuza kipande cha nyuma, juu chini, ili kienee. Matokeo yake mbele nilikuwa zambarau iliyokolea, nyuma rangi ya bilinganya la juzi.

"Ni mwanga tu huo, mama," akasema.

Nikamwomba tutoke nje, juani. Akalitazama gauni, akalitazama na jua. "Hata hili jua la leo silielewi."

Nililivaa hivyo hivyo. Daladala ikijaa hakuna anayepata nafasi ya kukuona pande zote mbili. Kumbe tatizo lilikuwa kiti. Joto, jasho na uzito wangu viliwekana sawa, malaika ikalala, na niliposhuka mama mmoja akanifuata kwa upole: "Mwanangu, umekalia kitu." Nilikuwa nimekalia kiti, nacho kilijichapa chote nyuma yangu, mshono kwa mshono.

Dawa ya mahameli iliyolala ni mvuke. Pasi huimaliza kabisa. Basi nikaingia jikoni pale ofisini, nikalipa mgongo birika la chai lililokuwa likichemka, nikainama kidogo ili mvuke ufike panapohusika. Bosi akaja kutafuta sukari. Alinitazama, akatoka bila sukari, na hadi leo hajauliza.

Hariri ina adabu zaidi, na pwani yetu imeizoea tangu zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa mavazi ya heshima, mojawapo likiwa kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, maana suruali haikuwa desturi ya pale. Yeye aliletewa. Mimi naenda soko la Karume kuinamia mafungu ya mitumba, ambako hariri moja hujificha ndani ya lundo la poliesta na muuzaji anakuapia kwamba lundo zima ni hariri. Kumjua mkweli ni rahisi: unachomoa uzi mmoja kwenye upindo na kuuwasha. Hariri hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Poliesta huyeyuka ikaganda kuwa punje ngumu. Tatizo ni kumweleza muuzaji hayo huku umeshika kiberiti juu ya mali yake. "Dada, umetumwa na nani?"

Blauzi niliyoipata siku hiyo ilikuwa hariri tupu, nyeupe, nyepesi kiasi kwamba nilikuwa najishika bega kuhakikisha bado nimevaa. Iliishi kwangu hadi binti wa dada yangu alipoiona na doa la chai, akaona anifanyie wema: akailoweka usiku kucha kwenye dawa ya kung'arishia mashuka. Hariri asili yake ni mate ya kiwavi, ni protini, na dawa ile huila. Asubuhi aliinua beseni kwa mikono miwili. "Mama mdogo, doa limetoka." Ni kweli, lilitoka pamoja na kola.

Shangazi yangu aliposikia alicheka sana. Yeye nguo zake nzuri huzitunza: ana sanduku lenye lesi, satini na kipande cha mahameli ya kijani alichokiweka kwa ajili ya siku yenyewe. Siku yenyewe ilipofika, ndoa ya mwanawe, tulifungua sanduku tukakuta panya amezalia humo, vitoto vyake vimelazwa juu ya mahameli. Shangazi alikwenda harusini na khanga aliyoifua miaka na miaka, imelainika hadi inamwagika mwilini kama maji, na kusema kweli hapakuwa na kitambaa kizuri kuliko hicho ukumbini.

Mwenye mahameli sandukuni aitoe, aivae Jumanne hii. Mwenye hariri aifue mwenyewe.