Sifuri Iliyohama

Laptopu yangu ya zamani ilikuwa na vitufe viwili chini ya tachipadi, na kile cha kushoto kilikuwa kimelika katikati kama kizingiti cha nyumba ya wapangaji. Nilikibonyeza kwa kidole gumba miaka tisa. Mikataba ya kutafsiri, barua za kuombea kazi watoto wa majirani, risala za harusi, wasifu wa marehemu, vyote vilipita hapo. Kidole cha shahada kinatembeza kishale, kidole gumba kinabonyeza. Kazi ilikuwa imegawanywa hivyo tangu mwanzo na hakuna aliyekuwa na malalamiko.

Februari, joto la Dar es Salaam likiwa limefika mahali ambapo feni inasambaza moto tu, laptopu ile ikazimika na haikuwaka tena. Nikaenda Kariakoo kununua nyingine, ya mtumba, nyembamba kama sinia. Kijana wa dukani akaifunua. Chini ya herufi niliona uwanja mpana, mweusi, laini, hauna mstari wala mgawanyo.

"Vitufe viko wapi?" nikauliza.

"Mama, hii yote ni kitufe."

Nikayachukulia kuwa maneno ya biashara, ya jamii moja na "kitambaa hiki hakipauki". Nililipa, nikaondoka. Kwenye daladala ndipo nikaanza kuyatafakari. Nyumba ambayo ukuta wake wote ni mlango, mgeni atapigia hodi upande gani?

Jibu nililipata jioni ile. Nilifungua mkataba wa pango niliokuwa natafsiri, kidole cha shahada kikaanza kutembea, na kidole gumba, kwa utiifu wa miaka tisa, kikashuka kukaa pale kilipozoea kukaa, kikisubiri amri. Ghafla ikachomoza menyu: Kata, Nakili, Bandika. Nikaifuta. Nikasogeza tena. Ikachomoza tena. Mara ya sita hivi nikabandika kifungu cha dhamana juu ya jina la mwenye nyumba, na mpangaji akawa ameingia mkataba na aya nzima.

Binti yangu alikuja na bakuli lake la matunda, akasimama nyuma yangu, akacheka kwanza ndipo akasema.

"Mama, umeweka vidole viwili."

"Kimoja kimepumzika tu."

"Yenyewe haijui kama kimepumzika."

Hapo ndipo nilipoelezwa siri. Tachipadi hii haina haja sana na mahali ulipogusa. Inahesabu vidole, kama mpishi wa shughuli anavyohesabu wageni bila kuuliza nani kaalikwa. Kidole kimoja ni mbofyo wa kawaida. Viwili ni mbofyo wa kulia. Viwili vikitembea pamoja, ukurasa unapanda au kushuka. Vitatu vikipanda juu, madirisha yote yanajipanga mbele yako kama wanafunzi mstarini. Vikishuka, yote yanatoweka. Vinne sijavijaribu mpaka leo, na sina mpango.

Kwa hiyo kidole gumba changu kimepunguzwa kazini, ila hakuna aliyekiandikia barua. Kila asubuhi kinaripoti. Kinakaa mahali pake, na kwa kukaa tu kinaharibu kazi ya wenzake.

Nilikwenda kusoma nijue nani wa kumlaumu, nikakuta ni historia ndefu ya kupokonywa. Kipanya cha kwanza cha Douglas Engelbart, kule Marekani miaka ya 1960, kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye kitufe kimoja. Alipokionyesha hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, vitufe vilikuwa vitatu. Enzi za neema hizo. Mwaka 1994 Apple walitoa PowerBook yenye tachipadi, kitufe kikiwa chini yake, mahali pa haki kabisa pa kidole gumba. Mwaka 2008 kampuni hiyohiyo ikakificha kitufe: kioo chote kikawa kinabonyea. Wengine wakafuata. Faraja yangu ni hii moja: Lenovo walipoondoa vitufe kwenye baadhi ya ThinkPad za 2013, wateja walipiga kelele, na mwaka 2015 vitufe vikarudi. Nimewahi kuandamana kwa mambo madogo kuliko hilo.

Mwaka 2015 huohuo, lakini, lilizaliwa jambo ambalo bado linanikera, kwa sababu liliniaibisha mbele ya kijana mdogo. Mashine yangu si ya Apple walioanzisha, ila ugonjwa ni uleule. Umeme ulikatika siku nzima, betri ikaisha, laptopu ikazimika katikati ya sentensi. Nikabonyeza tachipadi, kwa hasira zaidi kuliko kwa sababu. Haikubonyea. Jana yake ilikuwa inatoa "tk" safi kabisa, na kidole kinahisi kabisa kimezama. Sasa ni kama kubonyeza meza. Nikasema, basi, imevunjika, mtumba umenitenda.

Nikaibeba mpaka Mtaa wa Aggrey. Fundi alinipa shikamoo, nikaitikia, nikamweleza ugonjwa kwa kirefu: kwamba kitufe kimekwama, huenda mchanga umeingia, huenda ni chai. Akaibonyeza mara mbili. Akaniangalia kwa ile huruma ya vijana.

"Mama, tuiwashe kwanza."

Akachomeka chaja, tukasubiri. Ikawaka. Akabonyeza: "tk". Nikabonyeza mimi: "tk", kidole kikazama vizuri tu.

"Haizami, mama," akasema. "Haijawahi kuzama. Ndani kuna sumaku ya umeme. Ukikandamiza, inapima nguvu ya kidole, halafu inatikisa kidogo. Kidole kinadanganywa."

Nikamlipa gharama ya kuangalia, ingawa alikataa mara mbili kwa adabu. Njiani nilikuwa natazama vidole vyangu kama mtu anayewatazama watoto waliotapeliwa sokoni. Miezi miwili kidole kinaniletea taarifa kwamba kimebonyeza kitu kikashuka, na taarifa yote ilikuwa mtikisiko. Tangu siku hiyo hata kengele ya mlangoni nikiibonyeza nasikiliza kwanza kama kweli inalia ndani.

Ukurasa kupanda na kushuka sitasema mengi. Zamani ulikuwa unavuta kijiti cha pembeni kwenda chini, maandishi yanapanda. Siku hizi unasukuma karatasi yenyewe, kama unavyosukuma mkeka sakafuni, na unakwenda uliposukumia. Wanaita mtindo huu wa asili. Labda asili ya kwao. Wiki mbili nilisoma kila waraka kuanzia mwisho.

Kucha ndizo zilizonishangaza. Tachipadi inahisi kidole kwa sababu mwili unapitisha umeme. Haina habari na ukucha, wala kalamu, wala pembe ya kanga. Mtoto wa kaka yangu alipokaribia kuolewa, mabinti walinishika wakanipeleka saluni nikabandikwa kucha za bandia, ndefu, rangi ya zabibu. Nikarudi nyumbani nikakaa kwenye mashine. Ncha zinateleza juu ya kioo, krr, krr, kishale hakitikisiki. Ikabidi nilaze vidole bapa kama mtu anayepapasa shavu la mtoto aliyelala. Mkono ukilazwa hivyo, na kitanga nacho kinalala. Na kitanga kikigusa tachipadi wakati unaandika, mashine wakati mwingine inadhani ni kidole, na kishale kinaruka kwenda kokote.

Naeleza haya yote ili ieleweke kwamba suala la shemeji halikuwa kusudi.

Mimi ndiye nilikuwa katibu wa kamati ya harusi. Orodha ya ahadi za michango nilikuwa nayo kwenye daftari, naihamishia kwenye laptopu, macho kwenye daftari, kucha za zabibu hewani. Kiasi cha fedha huwa nakiandika bila koma. Ni tabia mbaya, nimekwishaungama mbele ya kamati. Mume wa mdogo wangu, anayeishi Morogoro, alikuwa ameahidi laki moja: 100000. Majina yalipokwisha nikashuka chini kuandika namba ya simu ya mpishi. Nikagonga 0. Kitanga kilikuwa kimeshalala. Nilipoinua macho nikaona kishale hakipo nilipokiacha, kimepanda juu huko kwenye majina. Nikakirudisha kwa mpishi, nikaendelea na tarakimu ya pili.

Ile sifuri haikurudi nacho. Ilibaki huko juu, kwa shemeji.

Nikajumlisha kwa kikokotoo cha simu kwa kusoma skrini, nikaweka jumla, nikatuma kwenye kundi la WhatsApp la kamati saa mbili usiku. Saa mbili na dakika tano mwenyekiti akaandika: "Tunaye mwanaume." Vikafuata viganja vya makofi, vingi kuliko wajumbe. Baba mdogo mmoja, ambaye ahadi yake ilikuwa elfu sabini, akaandika kwamba alikuwa bado "anatafakari", akapandisha kuwa laki mbili. Mjomba naye hakutaka kuachwa nyuma. Mtu mmoja tu ndiye aliyelalamika, wa chakula, kwamba namba ya mpishi haitoki. Nikamjibu ajaribu tena, mtandao.

Simu ya shemeji iliingia saa tatu.

"Shemeji, habari za huko."

"Salama, shemeji. Za Morogoro?"

"Morogoro kwema. Shemeji, nimepongezwa." Akanyamaza kidogo. "Wamenipigia watu wanne. Watatu wamenipongeza, na mmoja ameniomba mkopo."

Nikafungua orodha. Nikahesabu sifuri kwa ncha ya ukucha, moja moja, kama anayehesabu mbegu za tikiti. Zilikuwa sita. Nikaiangalia namba ya mpishi. Ilikuwa na tarakimu tisa. Sifuri moja imesababisha kesi mbili.

Nilimweleza shemeji kwa unyenyekevu wote: kitanga, kucha, kishale, kwamba laptopu yangu haina vitufe, kwamba hata kule kubonyea kwenyewe ni sumaku tu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ya upole ya mtu aliyeoa kwetu miaka mingi:

"Kwa hiyo, shemeji, ni kitanga kilichoniahidia?"

Nikampigia mhazini kumwambia narekebisha orodha usiku huohuo. Mhazini ni mwanamke wa hesabu, hapendi makosa. Alinyamaza kwa muda nikadhani laini imekatika. Kisha akasema: "Rekebisha, ni haki yake. Lakini si lazima usiku. Subiri Jumapili baada ya kikao." Alikuwa amemwona baba mdogo akipanda, akataka kujua nani mwingine anatafakari.

Nilirekebisha usiku uleule. Mdogo wangu nimezaliwa naye tumbo moja. Baba mdogo, kwa heshima yake, hakushuka. Shemeji naye alituma laki tatu, na ujumbe mfupi: "Sifuri nimeirudisha kwa mpishi. Hizi mbili za juu ni za usumbufu wa kitanga." Siku ya harusi mshereheshaji alimtaja mara mbili, na mara zote mbili meza yetu ilinitazama mimi.

Kucha nilizibandua wiki iliyofuata. Binti yangu aliingia kwenye mipangilio akazima mambo kadhaa, ikiwemo ile ya kubofya kwa kugusa tu, kwa hiyo sasa kitanga kikilala kinalala kweli. Kidole gumba kimejifunza kukaa pembeni, kwenye ukingo wa mashine, nje kidogo ya uwanja, kama mzee wa kijiji anayeangalia mpira ambao haelewi sheria zake mpya. Mara mojamoja kinaingia. Menyu inachomoza, nakitazama, kinatoka.

Juzi shemeji amepiga simu. Kijana wake wa kwanza anaoa Desemba, na safari hii katibu ni yeye mwenyewe. Kazi hiyo, alisema, hawezi kumwachia mtu yeyote wa ukoo wetu. Amenunua laptopu. Nilisikia mafeni yake, nikasikia na pumzi zake.

"Shemeji, hii ya kwangu sioni vitufe. Unabonyeza wapi?"

"Popote, shemeji."

"Popote?"

"Hiyo yote ni kitufe."

Akanyamaza. Nikasikia krr, krr, kisha neno ambalo halisemwi mbele ya shemeji, kisha ombi la msamaha. Akakohoa kidogo, akaingia sauti ya kikao.

"Haya. Tuanze na wewe basi, kwa kuwa uko hewani. Mchango wako niandike kiasi gani?"

"Elfu hamsini," nikamjibu. "Andika kwa maneno."