Barua ya Wazi kwa Karakana ya Wakala Kuhusu Marehemu Dhamana

Kwa Mheshimiwa Meneja wa Karakana,

Wenye magari ambayo dhamana zake zimekwisha wanatoa salamu za unyenyekevu. Dhamana, yaani ahadi ya maandishi kwamba hitilafu ya kiwandani itatengenezwa bure, mara nyingi hukoma kwa miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Gia boksi otomatiki iliposhtuka kila gari lilipojikongoja kwenye foleni, na jambo hilo likaripotiwa kabla ya tarehe, jobu kadi, yaani karatasi ya kazi anayosaini mteja, iliandikwa "hali ya kawaida kwa gari la aina hii". Liliporipotiwa tena baada ya tarehe, profoma, yaani makadirio ya gharama, ikadai gia boksi nzima ibadilishwe, ikiongezewa ada ya kupima kwa kompyuta na VAT ya asilimia 18.

Sababu inayotolewa ni uchakavu wa kawaida, yaani kulika kwa vipuri kutokana na matumizi. Sababu hiyo ingepokewa kwa shukrani kama wateja wasingekuwa wameambiwa kwamba mafuta ya gia ni ya maisha na hayabadilishwi, ilhali ZF ya Ujerumani, inayowaundia watengenezaji wengi gia boksi zao, hupendekeza yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Inaelekea maisha yaliyokusudiwa yalikuwa ya dhamana.

Kwa kuwa marehemu alizikwa kimyakimya, inaombwa afanyiwe matanga ya heshima. Turubai lifungwe mbele ya mapokezi, mikeka itandikwe katikati ya magari mapya ya maonyesho, na Mheshimiwa asome wasifu wa marehemu, akitaja kila hitilafu aliyoitengeneza enzi za uhai wake, shughuli ambayo haitachelewesha pilau. Gia boksi, kwa kuwa ndiye mjane, ikae eda ya miezi minne na siku kumi, ikisitiriwa karakanani bila ada ya maegesho, huku wakwe zake wa kiwandani wakijadiliana nani atamnunulia mafuta. Rambirambi zitolewe kwa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi.

Inaombwa pia kipuri kilichofunguliwa kirudishwe kwa mwenyewe, bei ya spea itenganishwe na ya ufundi, na kahawa ya mapokezi ibaki ya bure.

Hata hivyo, mteja aliyelalamika mapema na kulipia kila sevisi hakustahili kuambiwa kwamba amechelewa. Huko ni kumzungusha mtu makusudi hadi tarehe ipite, kisha kumtoza gharama ya kuzungushwa, na ni dhuluma hata ikiandikwa kwenye karatasi yenye nembo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na jobu kadi zenye tarehe na mihuri ya karakana zimehifadhiwa.

Kwa taadhima, inasubiriwa tarehe ya matanga. Na ikionekana kwamba turubai na pilau ni gharama kubwa mno, wenye magari wako radhi kupokea gia boksi badala yake.

Wenu watiifu,
Wenye Magari