Jinsi ya Kutoa Albamu ya Kwanza ya Kantri Ukiwa Namuwongo, Kampala

Anza na kofia. Gitaa mtaazima, sauti itajipa, lakini bendi ya kantri isiyo na kofia pana ni kwaya iliyopotea njia. Panda boda hadi soko la Owino, pekua marobota ya mitumba mpaka upate nne zinazokaribia kufanana. Chukua na buti ndefu za ngozi. Mfereji wa Nakivubo ukifurika utashukuru. Wachunga ng'ombe wa Texas hawajawahi kuzipa kazi nzito kiasi hicho.

Kisha jitafutie ukoo, maana wajuaji watauliza Namuwongo na kantri wapi na wapi. Waambie hivi: mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis, Kenya, wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Chemirocha ndiye Jimmie Rodgers wa Mississippi, baba wa kantri, aliyefariki 1933 na kuacha santuri zake zikizurura duniani. Huko kwao walimpa sifa tu. Sisi tulimpa kwato.

Rodgers alikuwa mtu wa reli, na reli hapa haikosekani. Ilifika Kampala 1931, na Namuwongo imepita kati ya mafungu ya nyanya na magunia ya mkaa. Wenzako huhangaika kutafuta mlio wa treni wa kupamba wimbo. Wewe utaupata bure, katikati ya ubeti wa mapenzi, hata kama hukuuhitaji. Usirudie kurekodi, umeme hautakusubiri.

Sasa mashairi, na hapa uwe mwangalifu sana. Imba farasi usiyewahi kumpanda, theluji, na bibi aliyekukimbia kwa lori. Usithubutu kumtaja mwenye nyumba anayebisha alfajiri akidai kodi, wala maji yanayoingia chini ya kitanda masika. Ukifanya hivyo utajikuta unaimba kadongo kamu, muziki wa kwetu wa gitaa moja, na shangazi zako watakuelewa. Paul Kafeero alifanya kosa hilo: alishika gitaa, akaimba Walumbe Zaaya, habari ndefu ya mauti, na watu wakamsikiliza hadi mwisho bila kuuliza kofia yake iko wapi. Wewe unataka hayo?

Lafudhi: bana pua. Inatosha.

Picha ya jalada ipigwe ukiwa umekipa mgongo kilima cha Muyenga, mabati yasionekane. Pale Nasser Road watakuchapia jalada na mabango siku hiyohiyo, na ukiwabembeleza vizuri, labda na cheti cha kuzaliwa Tennessee.

Mwisho ni uzinduzi. Kabla ya siku yenyewe utasikia albamu yako ikilia kwenye redio ya boda. Usimwite mwenye boda mwizi, ssebo. Muulize kwa adabu kijana wa kibanda cha memori kadi aliyemnakilia alimtoza shilingi ngapi, ili nawe ujue uuze bei gani.