Mlinzi wa Idi Amin Aliyezaliwa Mississippi

Kila mpenzi wa mieleka ameshaulizwa swali hili, tena kwa sauti ya kumwonea huruma: "Hivi hujui kwamba wale wanaigiza?" Mimi nimeulizwa na walimu, na mashemeji, na kondakta wa basi la Geita aliyeiona fulana yangu ya mwanamieleka Undertaker akasahau hata kunidai nauli. Jibu langu ni refu kidogo, maana linaanzia kwetu Kharumwa.

Enzi za utoto wangu umeme ulikuwa habari ya watu wa Mwanza. Sisi tulikuwa na kibanda umiza: mabenchi ya mbao, deki, televisheni yenye kisogo kirefu, na jenereta lenye tabia ya kuishiwa petroli wakati mtu ameshanyanyuliwa juu, hajatupwa bado. Mwenye kibanda ndiye aliyekuwa mfasiri. Kiingereza aliachana nacho shule ya msingi, lakini hakuna mtangazaji wa Marekani aliyemzidi maneno. Jim Ross akipayuka kule, yeye anatuletea habari kamili: "Anasema huyu bwana alikopa ng'ombe wa mahari, leo analipa!" Mpaka leo nikiwaona Undertaker na mwanamieleka mwenzake Kane wanatazamana, moyoni najua ugomvi ni wa ng'ombe.

Siku moja ikaingia kanda ya onyesho la mieleka la Survivor Series la mwaka 1992. Mfasiri akamtambulisha Kamala, jitu la Uganda, uso na tumbo vimechorwa rangi, mlinzi wa zamani wa Idi Amin. Safari hii hakuwa ametunga. Hata Wamarekani walimnadi hivyohivyo. Bahati mbaya benchi la nyuma alikaa mzee mmoja aliyepigana Vita vya Kagera dhidi ya Amin. Mzee akasimama.

"Huyu alitutoroka vipi? Kampala tumeingia Aprili 1979, tumepekua hadi uvunguni!"

Kuanzia hapo Undertaker, mpinzani wa Kamala, alipigana chini ya amri ya mzee: piga kushoto, ziba njia, usimpe nafasi ya kurudi nyuma. Kamala alipotiwa ndani ya jeneza na kifuniko kikagongelewa misumari, mzee alikinunulia karanga kibanda kizima. Kwake yeye vita viliisha jioni ile.

Nilipokua nikaja kusoma kwamba Kamala aliitwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, aliyelima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno katika ujana wake, na baada ya kuachana na umaarufu akaendesha malori. Alifariki Agosti 2020. Uganda yake ilikuwa ya rangi tu, ikinawika kwa sabuni. Mzee sikumwambia. Kumnyang'anya mtu ushindi wa vita ni dhambi.

Aliyeonja mieleka halisi pale kwetu ni kuku wa bibi. Pamba ya msimu ilikuwa imerundikwa chumba cha nyuma ikimsubiri mnunuzi. Binamu yangu akapanda juu ya ukuta usiofika paa, akageuza macho yakabaki meupe, akatembea juu kwa juu kama alivyomwona Undertaker akitembea kwenye kamba, kisha akajirusha. Pamba ilimpokea vizuri. Kuku aliyekuwa ameatamia humo ndani hakumpokea vizuri hata kidogo. Binamu alitoka na mayai mgongoni na kuku kichwani, akamkuta bibi mlangoni ameshika mwiko. Pambano lile halikuwa na refa.

Basi, wanaigiza au hawaigizi? Kwetu Usukumani swali hilo halina maana kubwa, kwa sababu sisi tuna Wagika na Wagalu. Mavuno yakishaisha, makundi mawili ya ngoma hukabiliana uwanjani, kila moja na manju wake, kila moja na dawa yake ya mvuto. Huyu analeta majembe yanayozunguka hewani, yule anamtoa chatu kwenye sanduku. Hakuna anayeuliza kama chatu ana hasira za kweli. Swali ni moja: watu wamekimbilia upande gani? Wenye umati ndio washindi. Mtu aliyekulia kwenye uwanja huo, ukimwonyesha mwanamieleka anaingia taa zimezimwa na kengele inalia, hashangai kitu. Anachunguza tu dawa yake ni ya mganga gani.

Mke wangu hakubaliani na hoja hii. Yeye, anayelia machozi kwenye tamthilia za Kituruki na kumfungia kwaresima bibi harusi wa humo ili apone, husema mieleka ni uongo mtupu na anashangaa mtu mzima anapotezaje muda. Wiki iliyopita alipita sebuleni na sufuria ya ugali, akasimama "kidogo tu". Ugali ulipoa. Tulikula saa nne usiku, baada ya majirani kumsikia akipiga kelele: "Baba, geuka! Geuka nyuma, ana kiti!"